Kwa Nini Niliubadili Mshiko wa Mzee Mursali

Mtu akisema amestaafu, watu wanamtafuta mvi kichwani. Msinitafute. Sijafika hata miaka thelathini na mitano, meno yangu yote ninayo, na juzi tu nimegombana na muuza chumvi hapa Kisarawe mpaka watu wakatoka vibarazani kutazama. Lakini fimbo nimeiweka chini. Mkono umekataa, na mkono ukikataa hausikii matusi.

Nawaandikia nyie vijana mliobaki kwenye ngoma yetu ya fimbo ya Misri. Shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ambayo Mhindi wa dukani alikuwa anafungia sukari. Ndiyo maana kwa miaka mingi nilizijua habari nusu nusu: mwanzo ninao mimi, mwisho umekwenda na sukari ya mtu mwingine. Labda ndipo nilipoanza kushuku kila kitu.

Na nyie mnanishuku. Msikatae. Mnasema Athumani aliuza mshiko wa Mzee Mursali kwa watu wa Visiga. Mnasema alipewa kitu. Hamsemi mbele yangu, maana mnajua mkono wa kushoto bado ni mzima. Basi leo mtanisikiliza mpaka mwisho, na mwisho huu haujafungiwa sukari.

Tuanze na Mzee mwenyewe, kwa kuwa wengine mmemkuta ameshakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti. Mzee Mursali hakuwa Mzaramo. Aliletwa pwani hii mtoto mdogo, na baba yake, askari wa Kisudani ambaye Mjerumani alimchukua huko Misri ya juu kuja kupigana vita vyake. Baba akafia huku. Mtoto akakua, akawa askari naye, akapigana ile vita ya kwanza upande wa Mjerumani, akashindwa pamoja naye, akaja kukaa Kisarawe. Akaoa kwetu, akamuoa Bi Tatu. Kitu alichorithi kwa baba yake kilikuwa kimoja tu: mchezo wa fimbo. Yeye aliuita tahtibu.

Sisi tulipokuwa wadogo tulikuwa tunauona siku za Idi. Mzee Mursali na mwenzake mmoja, Msudani kama yeye, walikuwa wanaingia uwanjani na kanzu zao, kila mmoja na fimbo yake ndefu inayofika kwapani. Wanazunguka polepole kama majogoo wawili wenye adabu. Zumari inalia. Fimbo zinapita juu ya vichwa, zinachora, halafu ghafla mmoja anaona kichwa cha mwenzake kiko wazi, anashusha. Fimbo inasimama upana wa kidole kabla ya kugusa kilemba. Watu wanapiga kelele. Wale wawili wanakumbatiana.

Mwenzake akafa. Idi iliyofuata Mzee alitoka peke yake, akasimama na fimbo yake katikati ya uwanja, zumari ikapigwa, akazunguka kidogo, akaacha. Akarudi kukaa. Fimbo haichezwi na mtu mmoja.

Wiki ile ile alituita vijana wanane. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Siku ya kwanza hatukupewa fimbo. Nilikasirika, si mnanijua. Nilitoka shambani mbio, nimeacha mihogo haijafunikwa, nije nikae chini kama mwali? Mzee alimwambia Pazi, ambaye ndiye mpiga zumari wetu mpaka leo, apige. Sisi tupige kisigino chini kila zumari inapovuta pumzi.

"Mzee, fimbo ziko wapi?" nikamuuliza.

"Una haraka ya kumpiga nani?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza zumari."

Mwezi mzima tulipiga visigino. Mama yangu akanishuku kuwa nimepagawa, kwa sababu hata nikila nilikuwa napiga.

Baada ya hapo ndipo tukaenda kukata fimbo. Andikeni hili, maana naona siku hizi mnaokota vijiti kama watu wa kuchunga mbuzi. Fimbo ni ya mti wa mkole, iliyonyooka yenyewe, si ya kunyooshwa. Inakatwa ikiwa mbichi, inaning'inizwa juu ya moshi wa jiko mpaka maganda yajikunje, inakwanguliwa kwa kigae cha chupa, inapakwa mafuta ya nazi siku saba. Ukiipiga kwenye kiganja ilie kavu. Ikilia kama mgomba, itupe. Fimbo mbovu itapasukia usoni mwa mwenzako, na hapo utaeleza nini kwa mama yake?

Siku tuliyoshika fimbo naikumbuka kama leo. Mzee alisimama mbele yetu, akanyoosha mkono wa kulia na fimbo ndani yake. Vidole vinne vimeikunja fimbo. Kidole gumba kimelala juu yake, kimenyooka, kinatazama mbele kama mtu anayeonyesha njia. Tukamtazama. Tukanyoosha mikono yetu sote wanane, vidole vinne vimekunja, gumba limenyooka. Mzee akatutazama mmoja mmoja. Akafungua mdomo kama anataka kusema. Akaufunga.

"Vizuri," akasema. "Tuanze."

Ule mdomo uliofunguka na kufungwa nimekuja kuufikiria miaka baadaye. Siku ile niliona ni fahari tu imemzidi.

Akatulisha yamini. Kila mmoja aliweka fimbo begani, akasema: nilichopewa sipunguzi, siongezi. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ule mshiko ulikuwa mgumu, vijana. Fimbo ndefu vile, unaizungusha juu ya kichwa, na gumba halishiki chochote. Uzito wote unakwenda kwenye kifundo cha mkono. Mwaka wa kwanza wote tulivimba. Mwaka wa pili uvimbe ukagoma kushuka, ukawa mgumu, mfupa juu ya mfupa. Pazi akautania.

"Hiyo ndiyo pete ya Mzee," akasema. "Mmeolewa."

Jina likakaa. Pete ya Mzee. Tukaanza kuringa nayo. Akija kijana mpya anasema ameiva, mimi namwambia lete mkono. Namminya kifundo. Hakina kinundu? Rudi ukapige kisigino. Mimi ndiye niliyekuwa naminya. Nataka mjue hivyo. Mikono yenu wengine niliminya mimi mwenyewe, nikafurahi nikikuta imeharibika.

Mzee nilimpenda kuliko mjomba aliyenilea. Mtu akimsema vibaya nilikuwa sisubiri amalize. Mara moja, kwenye harusi ya Mlandizi, babu mmoja alisema huyu Mturuki anatufundishia watoto wetu mambo ya kigeni. Nikamjibu mpaka bi harusi akachungulia mlangoni. Mzee alinivuta kanzu.

"Athumani. Babu huyo ni mkubwa kwako. Mwombe radhi."

"Amekuita Mturuki!"

"Nimeitwa mabaya zaidi na watu wenye bunduki. Mwombe radhi."

Nikaomba. Mdomo uliomba, moyo haukuwepo.

Kitu kimoja tu cha Mzee kilinikera. Hakula na sisi. Kwenye karamu sinia linaletwa, tunakaa sita sita, mikono inaingia kwenye wali. Mzee anajitenga na sahani yake, na kijiko chake cha bati anachotoka nacho nyumbani mfukoni mwa kanzu. Kila mahali. Wenzangu wakasema ni uaskari, amezoea. Mimi kimoyomoyo nikashuku: huyu mzee mikono yetu inamtia kinyaa. Nikalimeza hilo. Unampenda mtu, unalimeza jambo lake moja.

Miaka tisa ikapita hivyo. Tukacheza Kisarawe yote, Kibaha, Janga, Mlandizi. Vita ya pili ikaja ikaisha. Vijana waliochukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, wakaanza kurudi na makoti yao ya jeshi. Ndipo akatokea Koplo Shomari.

Alikuwa mtu wa Visiga. Tulikuwa mazoezini, baada ya alasiri, akaja akakaa pembeni anatafuna muwa. Hakuna aliyemwalika. Nikamtazama anatazama nini. Mtu anayetaka kujifunza fimbo anatazama miguu. Huyu alikuwa anatazama mikono. Nikasema moyoni, huyu mwizi.

Siku ya pili akaja. Siku ya tatu nikamfuata.

"Bwana, unatafuta nini hapa?"

"Natazama, ndugu yangu. Kutazama kunakatazwa?"

"Kwenu Visiga hakuna cha kutazama?"

Akacheka. "Mimi nilikuwa Misri miaka miwili. Kambini kwetu walikuwepo vibarua wa kutoka juu huko, mtoni. Jioni wanacheza hii. Walinifundisha. Sikujua kama nitaikuta Kisarawe." Akatema kapi la muwa. "Ila nyie mnaishika vibaya."

Sasa niambieni nyie. Mtu anatoka Visiga na muwa wake, anakwambia kwenye uwanja wa mwalimu wako kuwa unaishika vibaya. Nilimshika kola ya koti. Ikabidi Pazi aingie kati na zumari yake.

"Kwaheri, Koplo," Pazi akamwambia. "Huyu bwana ana jini la saa kumi."

Akaondoka. Lakini neno likabaki. Nikaanza kusikia kwamba Visiga kuna vijana wanakata mkole. Nikaunganisha: Koplo ametumwa. Watatutazama, wataiga, halafu watasema yetu ni ya uongo na yao ndiyo ya kweli, waitwe wao kwenye harusi. Na Mzee Mursali, maisha yake yote, ataitwa mwongo uzeeni. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtu hana ukoo hapa, hana kaburi la babu, ana fimbo tu. Ukimwambia fimbo yenyewe ya uongo umembakishia nini?

Nikaenda Visiga nimkamate. Nilisema naenda kumwamkia shangazi Kibaha, na kweli nilimwamkia, shikamoo marahaba, nikalala kwake, alfajiri nikapita. Nikafika kwa Koplo jua la asubuhi bado jipya. Nikajificha kwenye mihogo nyuma ya nyumba yake. Mtu mzima mimi, kwenye mihogo, na mchwa wananipanda.

Nikamwona. Alikuwa peke yake, anacheza na kivuli chake ukutani. Na nitasema kweli ingawa inaniuma: ulikuwa mchezo wa Mzee. Mzunguko ule ule. Ile hatua ya kurudi nyuma ukiwa umeinamisha bega, ambayo nilidhani hakuna duniani anayeijua isipokuwa sisi, alikuwa nayo. Ila fimbo yake ilikuwa inapita kama maji. Yetu ilikuwa inapita kama mkokoteni.

Nikatoka. "Mwizi!"

Koplo hakushtuka hata kidogo. "Nimeiba nini? Kitaje nikurudishie."

"Umeiba mchezo wa Mzee Mursali!"

"Wa Mursali, au wa watu elfu huko mtoni?" Akaingia ndani, akatoka na fimbo ya pili, akanirushia. "Njoo. Ukinigusa kichwa nitakuja Kisarawe kumpigia magoti mzee wako."

Tukazunguka. Mara ya kwanza fimbo zilipogongana, yangu iliruka ikaangukia kwenye mihogo. Nikaiokota. Mara ya pili ikaruka. Nikasema mafuta yamezidi. Nikaifuta kwa shuka. Mara ya tatu ikaruka mpaka kwa jirani, kuku wakatawanyika, na mama mmoja akauliza kwa sauti kama hapa pamekuwa vitani.

Koplo hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akaja akanishika mkono, akaitazama ile pete yangu, akaibonyeza. Nikaruka kwa maumivu.

"Hii nini?"

"Ni alama ya ufundi."

"Huu ni ugonjwa, ndugu yangu. Mkono wako unakufa. Kwa nini hulifungi dole gumba?"

"Ndivyo Mzee anavyoshika."

Halafu akasema polepole, kama mtu anayepita kwenye miiba: "Nilikuwa na sajini wangu, risasi ilimkata mshipa hapa chini ya gumba. Lipo, zuri, lakini halikunji. Alikuwa anashika bunduki hivyo hivyo kama unavyoshika wewe. Nenda kamtazame mzee wako akila."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, na Kiswahili kikaniishia nikaongeza Kizaramo. Nikageuka nikaondoka. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshasikia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakiona kile kijiko cha bati.

Nililala kwa shangazi. Kesho yake nikafika kwa Mzee wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa barazani, sahani ya wali na maharage mbele yake, kijiko pembeni. Bi Tatu alikuwa anamwagia maji mkononi.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba. Karibu ule," Bi Tatu akasema. "Nikuletee sahani."

"Hapana, mama. Leo nakula na Mzee. Sahani moja." Nikanawa. Nikakaa. Nikakichukua kile kijiko nikakiweka nyuma yangu.

Bi Tatu akasimama na birika mkononi. "Athumani, toka hapa."

"Mwache," Mzee akasema.

"Asimdharau mzazi wake mbele ya—"

"Mwache, Tatu."

Mzee akautia mkono kwenye sahani. Vidole vinne vikakusanya wali. Gumba likabaki limesimama peke yake, kama mgeni ambaye hakuambiwa pa kukaa. Akanyanyua. Wali ukamwagika katikati ya njia, kwenye kanzu. Akautia tena. Ukamwagika tena. Mara ya tatu nikamshika mkono mimi. Nilikuwa nalia, na hasira nilizokuwa nazo sijui zilikuwa za nani.

"Tangu lini?"

"Tangu vita ya Mjerumani," akasema. "Huko kusini. Upanga wa bunduki ulipita hapa. Nilimficha daktari. Askari asiyeweza kukunja gumba anafukuzwa, Athumani, na mimi nikifukuzwa nitakwenda kwa nani? Nyie mnafukuzwa mnarudi kwa wajomba zenu. Mimi nilikuwa na nambari ya jeshi tu. Basi nikajifunza kuficha. Ukificha kitu muda mrefu, kinakuwa tabia."

"Na sisi?"

Bi Tatu ndiye aliyejibu, ameshaketi chini. "Siku ile mliyoshika fimbo alirudi hapa jioni. Nikamuuliza, vijana vipi? Akasema, wamenyoosha vidole wote kama mimi. Nikamwambia kawarekebishe. Akasema kesho."

"Kesho," Mzee akasema. "Nilisema kesho. Halafu nikawalisha yamini msiongeze msipunguze. Baada ya yamini, ningesema nini?"

Nikanyoosha mkono wangu juu ya sahani, kile kinundu kinamtazama. "Na huu? Nimekuwa nikiwaminya watoto wa watu, Mzee. Miaka nenda rudi. Nikiwaambia asiyevimba hajaiva. Kwa nini hukunizuia?"

Akaushika ule mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto. Akautazama muda mrefu.

"Kwa mkono huu sina neno," akasema. "Nikikuomba radhi nitakuwa nimekulipa kidogo, halafu nitalala. Sitaki kulala."

Akamwambia Bi Tatu alete fimbo. Akaishika kwa kushoto. Vidole vinne, na gumba likaja juu yao, likafunga kama kufuli. Akaizungusha pale pale alipokaa, mara mbili, chini ya paa la makuti, na fimbo ikapita kama maji. Kama ya Koplo. "Huu ndio mshiko wa baba yangu," akasema. "Utie kwenye mikono ya vijana. Nakufungulia yamini. Lakini nikiwa hai, usiseme kwa nini. Wamenitazama miaka yote hii kama mtu mzima. Nikifa, sema. Useme wewe, lakini. Asiseme Koplo."

Ndiyo hiyo, vijana. Ndiyo bei niliyouzia, hicho ndicho nilichopewa.

Mazoezi yaliyofuata nilisimama mbele. "Kuanzia leo gumba linafungwa."

"Nani kasema?" Pazi akauliza.

"Mimi."

"Mzee kasema?"

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, hatua kumi tu. Wote wakageuka kumtazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nimesema mimi," nikasema.

"Yamini ulikula kwa sauti kubwa kuliko sisi," Pazi akasema, "na sasa umekwenda Visiga mara moja tu, umerudi na mshiko wa Koplo."

Ningempiga. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na haki kabisa ya kumpiga mtu, na nikaikalia. Watatu wakatupa fimbo zao siku ile ile wakaondoka. Waliobaki walifunga gumba mbele yangu na kulinyoosha nikigeuka. Kwenye harusi ya Janga wanawake wakanitungia: fimbo ya Kisarawe kaolewa Visiga, mahari muwa mmoja. Pazi akaipigia zumari, tena vizuri, Mungu amsamehe. Mzee alikuwepo. Alisikia. Alinitazama, nikamtazama, nikazunguka uwanja na uso wa mtu aliyekula mahari.

Koplo nilimfuata mwenyewe, nikamwambia: ulichokijua kimeze. Akasema, "Nimekula kiapo cha Mwingereza kwa mambo ya kipuuzi zaidi." Akanyamaza kweli, na akaja kutusaidia kufundisha, jambo ambalo kwenu lilikuwa ushahidi wa mwisho. Mpaka leo simwamini sana. Si kwa kosa, ni kwa mazoea.

Lakini tazameni mikono yenu. Nyie mlioingia baada ya hapo, nani ana pete? Hakuna. Mnaizungusha fimbo asubuhi mpaka jua kuzama na jioni mnaweza kufungua kitasa. Mimi siwezi. Kwenye ngoma ya mwisho, miezi miwili iliyopita, niliinua fimbo kusalimia ikanitoka kabla ya mtu yeyote kuigusa. Ikaanguka mbele ya wazee wa bwana harusi. Nikaiokota kwa kushoto, nikampa kijana aliyekuwa karibu, nikaenda kukaa. Ndiyo kustaafu kwangu. Hakukuwa na hotuba.

Mzee ametutoka, arobaini yake tumeisoma wiki iliyopita. Sasa nimesema, na nimesema mimi.

Mmekuwa mkiuliza kile kijiko cha bati kwenye bunda la fimbo ni cha nini, na wengine mmeshuku ni dawa. Bi Tatu alinipa siku ya msiba. Alisema, "Chukua, wewe ndiye uliyemnyang'anya." Sasa mnajua. Kisipotee.

Na yamini naila upya, kwa niaba yenu, mnune msinune. Mkiingia uwanjani, zumari ikianza, ule mzunguko wa kwanza wa kusalimia, kabla ya fimbo kugusana, shikeni kama alivyoshika yeye: vidole vinne, gumba limenyooka. Mzunguko mmoja tu. Wageni wakiuliza, waambieni huyo ni Mzee Mursali anapita.

Halafu lifungeni, mcheze.